Tyubu ya Sita

Kwa Swalihu hakuna jaribio lililowahi kugoma. Maneno hayo aliyaanza yeye mwenyewe, kisha watu wakayadaka na kuyaeneza mpaka yakawa sifa yake mjini Dodoma. Miaka kumi na minane alitunza maabara ya shule moja ya serikali. Mwaka tisini na tatu ikaja ile amri ya kupunguza wafanyakazi, naye akapewa barua na saa ya ukutani, akarudi mtaani kwake Chang'ombe kutengeneza pasi na redio za majirani. Wazazi wa mtaani walipojichanga kufungua sekondari yao katika ghala kuukuu, walimfuata yeye kabla hata hawajampata mwalimu mkuu.

Sasa tusimfiche. Majaribio hayakugoma kwa sababu Swalihu alikuwa akiyasaidia. Alianza miaka ile ya uhaba, dawa zinakuja zimepitwa na wakati au haziji kabisa. Wanafunzi arobaini wanasimama mezani wanatazama jani linalotakiwa kuwa jeusi likitiwa iodini kwa sababu ya wanga, na jani lenyewe limechumwa kwenye mti ulionyauka, halina wanga wa kumshibisha sisimizi. Swalihu hakuweza kuvumilia zile nyuso. Akaanza kuyapaka majani uji mwepesi kabla ya kipindi. Maji ya chokaa yakichelewa kuwa meupe kwa hewa ya maharage yanayoota, aliyapulizia pumzi yake mwenyewe mapema asubuhi. Darasa likapiga makofi, mwalimu akapumua, na mtunza maabara akarudi nyuma ya mlango wake amejaa furaha.

Hakuuita udanganyifu. Kwake yeye mambo ya kitabuni yalikuwa kweli tupu, ila kweli hiyo ilikuwa kama gari lililozimika, linalohitaji mtu wa kulisukuma kidogo. Msukumaji alikuwa yeye. Na ukishakuwa msukumaji kwa miaka ishirini na moja, unasahau kabisa kuuliza kama gari lina mafuta.

Mwaka huo wa tisini na sita shule ilikuwa imepata kidato cha nne chake cha kwanza, na humo alikuwemo binti yake Salwa, kitinda mimba. Shuleni Salwa alimwita Mzee Swalihu kama wenzake wanavyomwita, lakini nyumbani alimsomea vitabu vyake vya Biolojia kwa sauti mpaka chai inapoa. Alitaka udaktari. Walimu walisema mtoto huyu ana mkono, maana majaribio yake yalitoka safi kuliko ya wote, na Swalihu aliyasikia hayo kama mtu anayesikia mahari ya bintiye ikitajwa.

Kulikuwa na tatizo moja. Maabara ilikuwa bado haijaidhinishwa. Mkaguzi angekuja Alhamisi, na akisema haifai, kidato cha nne wote wangeondolewa kwenye mtihani wa Biolojia wa mwisho wa mwaka. Bila Biolojia, udaktari wa Salwa ungebaki hadithi ya jikoni. Tangu tarehe ya ukaguzi ilipotangazwa, Swalihu hakukaa akatulia. Alifuta meza zilizokwishafutwa. Alihesabu chupa, akazihesabu tena, akaziamini, kisha akarudi kuzihesabu kama aliyekalia siafu.

Mwalimu wa Biolojia alikuwa Madam Lea, binti wa kutoka Haneti, mwenye kicheko cha karibu na madaftari yaliyofunikwa vizuri. Jumanne alimjia Swalihu stoo.

"Shikamoo, Mzee Swalihu."

"Marahaba, Madam. Haya, Alhamisi tunamwonesha nini huyo bwana? Jani?"

"Jani kila shule inaonesha. Tutatoa DNA kwenye papai."

Swalihu aliweka kitambaa chini. DNA aliijua kitabuni, ile ngazi iliyojipinda inayobeba urithi wa mama na baba. Kitabu kilisema ni ndogo mno, haionekani hata kwa darubini yao yenye kioo kilichopasuka.

"Kwa mashine gani, mwanangu?"

"Kwa sabuni ya kuoshea vyombo, chumvi, na spiriti ya baridi sana. Tulifundishwa kwenye semina Morogoro. Unaponda papai kwenye maji ya chumvi na sabuni, unachuja kwa kitambaa, unamimina spiriti juu taratibu. Sabuni inayeyusha utando wa chembe hai, DNA inatoka, na kwa kuwa haipatani na spiriti inajikusanya. Utaiona kwa macho, nyuzi nyeupe."

"Kwa macho haya?"

"Hayo hayo. Niandalie tyubu sita za kioo, safi, Mzee wangu. Mengine nitawaeleza watoto kesho."

Swalihu aliitikia kwa adabu, lakini moyoni hakuamini hata chembe. Sabuni haikuwa shida. Miaka kumi nyuma sabuni ya mche ilipangiwa foleni, na sasa duka la Badrudin lilikuwa na sabuni za maji za rangi saba kutoka nchi ambazo Swalihu hakuzijua. Papai lilipatikana sokoni. Spiriti ilipatikana chupa moja tu katika duka la dawa, kwa hiyo wakaogopa kufanya jaribio la kujipima kabla ya siku yenyewe. Chupa ikapelekwa kwa mama Hansa, mke wa Badrudin, aliyekuwa na friza ya kugandishia barafu za ukwaju nyuma ya duka. Kitu kilichokuwa shida ni imani. Jumatano mchana, Lea alipokuwa akiwaeleza wanafunzi mpango mzima, Swalihu alikuwa kwa seremala akihimiza mguu wa meza. Hakuusikia mpango huo.

Alhamisi alfajiri, baada ya swala, alikwenda kuchukua spiriti. Mama Hansa alimfungulia mlango huku akisikitika.

"Umeme ulikatika tangu saa nne usiku, Mzee. Barafu zangu zote maji matupu. Chupa yako hiyo, shika mwenyewe."

Swalihu aliishika. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi, basi. Lea alisema ya baridi, tena baridi sana. Njiani kurudi aliisogeza mkono wa kulia, akaisogeza wa kushoto, akatembea upande wa kivuli ingawa jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri. Kichwani alimwona mkaguzi akifunga faili. Alimwona Salwa akirudi nyumbani na vitabu vyake, akikaa jikoni.

Alipofika shuleni hapakuwa na mtu. Alisimama mbele ya tyubu sita zilizopangwa kwenye kishikio cha mbao, akajiambia hatafanya kitu. Akafuta meza. Akarudi. Akajiambia tena. Kisha akatoka, akanunua mayai mawili ya kienyeji kwa jirani wa shule.

Alikuwa anajua jambo moja kuhusu ute wa yai. Ukiuchanganya na maji ya chumvi na kuuchuja hauonekani, ila ukimiminiwa spiriti unaganda papo hapo, nyuzi nyeupe, za kuvutia. Akauandaa hivyo, akatia kijiko kimoja katika kila tyubu. Madam alisema tyubu sita, basi makundi ni sita. Hakuna kundi lililopunjwa. Alipomaliza, utulivu ukamjia kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaketi akala maandazi.

Mkaguzi alifika saa tatu kamili. Aliitwa Silvano, mtu mwembamba mwenye koti la mikono mirefu kuliko mikono yake, na alisema kidogo sana. Alikagua ndoo za mchanga wa kuzimia moto, akavuta droo, akanusa bomba la maji. Kila alipoandika, Swalihu alinyoosha shingo. Hatimaye Silvano akakaa kwenye kiti cha nyuma na kumwambia Lea aendelee.

Wanafunzi waliponda papai wakachuja. Chumba kikajaa harufu tamu, nzi wawili wakaja kukagua nao. Kisha wakamimina maji yao ya papai kwenye tyubu. Joha, msichana wa kundi la kwanza, aliiinua yake juu.

"Madam, ina maji kidogo chini."

"Nimezisuuza sasa hivi," Swalihu alisema upesi kutoka pembeni. "Endeleeni."

Lea alizunguka na chupa ya spiriti. Ilipogusa tyubu ya kwanza, wingu jeupe liliruka juu mara moja. Ya pili vilevile. Darasa likaanza kunong'ona, na Lea, ambaye Morogoro aliziona nyuzi zikija polepole, alikunja uso kidogo kisha akatabasamu. Mpaka ya tano zote zilikuwa zimejaa nyuzi nene. Silvano aliacha kiti chake akasogea. Swalihu, huko pembeni, alikuwa akichekelea ndani kwa ndani.

"Na sasa ya sita," Lea alisema, akimgeukia mkaguzi. "Hii anayo Salwa. Haina papai. Ina maji, chumvi na sabuni tu, kipimo kilekile. Ikibaki tupu, tutajua kwamba zile nyuzi zimetoka kwenye tunda na si kwenye sabuni. Nimempa yeye kwa sababu ndiye mwangalifu kuliko wote."

Swalihu alisikia masikio yakizibika. Alifungua mdomo. Lakini Lea alikuwa ameshainamisha chupa.

Wingu jeupe likaruka. Nyuzi zikajinyonga, nene, nzuri, pengine nzuri kuliko za wengine, katika tyubu isiyo na kitu.

Silvano aliichukua ile tyubu kwenye vidole vya Salwa, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulitia papai?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi maji ya bomba la Dodoma yana DNA." Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. "Au mlikwisha kupangiwa majibu kabla sijafika. Mimi nimekagua shule nyingi, binti. Niambieni ukweli, maana hapa nina mambo mawili tu ya kuandika, inafaa au haifai."

Lea alikuwa amepauka midomo. Salwa alitazama tyubu, akatazama kile kishikio cha mbao, halafu polepole akageuza macho mpaka pale alipokuwa baba yake. Swalihu aliona jinsi anavyoelewa. Unyevu chini ya tyubu. Sauti iliyosema nimezisuuza. Labda hata harufu ya mayai. Mtoto huyo hakuwa mjinga, alikuwa na akili ya kufikisha mambo mwisho wake.

"Nani huosha tyubu?" Silvano aliuliza.

"Hiyo niliiosha mimi," Salwa akasema. "Niliichovya kwenye maji ya papai kwa bahati mbaya, nikaona aibu kusema. Kosa langu. Maabara haina kosa."

Alisema kwa sauti nyoofu, bila kupepesa. Naam, aliusema uongo huo vizuri sana, kama mtu aliyefundwa. Swalihu alimtazama akajiona mwenyewe, mtu anayelisukuma gari ili wengine wapumue, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo haujapata kumuuma hata siku ile ya barua na saa ya ukutani. Hakuwahi kumfundisha mwanawe kazi hiyo. Alikuwa ameijifunza tu, labda kwa kuvuta hewa ya nyumba yake.

"Mkaguzi, usiyaandike hayo," alisema, akatoka pembeni. "Mtoto hakuosha wala hakuchovya. Tyubu niliziandaa mimi, na nimetia kitu."

"Kitu gani?"

"Ute wa yai."

"Katika hii?"

"Katika zote."

Lea alikaa kwenye stuli. Silvano aliirudisha tyubu kwenye kishikio kwa uangalifu mkubwa, kama inaweza kulipuka.

"Mzee, kazi hii umeianza lini?"

"Sabini na tano."

"Na tangu sabini na tano unatia ute wa yai?"

"Inategemea jaribio," Swalihu akajibu, maana ndiyo ilikuwa kweli. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaziba mdomo. "Umeme ulikatika, spiriti haikupoa. Nikaogopa. Madam hakujua, hawa watoto hawakujua. Ukitaka kuandika, andika jina langu peke yake."

Silvano aliandika kitu kifupi. Halafu akauliza, "Spiriti imebaki?"

"Robo chupa," Lea alisema.

"Papai?"

"Lipo."

"Tyubu mbili. Aziandae huyu binti mwenyewe, mbele yangu. Mzee, wewe kaa pale, mikono juu ya magoti."

Basi Swalihu akaketishwa dirishani kama mtoto aliyechelewa. Salwa aliziosha tyubu mbili kwa maji na sabuni, akazisuuza mara tatu, akazikausha kwa kitambaa cha kaniki. Hakutazama upande wa baba yake hata mara moja. Aliponda kipande cha papai, akachuja. Moja akatia maji ya papai, nyingine ile isiyo na tunda. Akaimimina spiriti mwenyewe kwa kuinamisha tyubu, tone kwa tone kwenye ukuta wake wa ndani, ikakaa juu kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi.

Hapakutokea kitu.

Dakika moja ilipita, na ya pili. Swalihu akakandamiza mikono yake magotini. Alijua ingekuwa hivyo. Spiriti ilikuwa vuguvugu, papai lenyewe labda limeiva mno, na hata kama lisingeiva, nani aliwahi kuona urithi wa kiumbe ukitoka kwa sabuni ya vyombo? Angepewa nafasi ya kuitikisa tu kidogo. Angepewa chumvi ya ziada. Dakika ya nne. Jasho lilimtoka mgongoni. Silvano alitazama saa yake, Lea alikuwa akiuma kucha, na Salwa peke yake hakusogea. Alikuwa ameinama, macho usawa wa tyubu, anasubiri. Swalihu alitaka kuinuka, na nadhani angeinuka kama mkaguzi asingekuwa amesimama baina yake na meza.

Dakika ya sita Salwa akasema kwa sauti ndogo, "Kuna ukungu."

Pale spiriti ilipokutana na maji ya papai, kitu kilikuwa kimeanza kujikusanya. Mwanzoni kama pumzi kwenye kioo. Kisha kikawa uzi mmoja, mwembamba, wenye vipovu vidogo, ukapanda juu polepole ukivuta wenzake nyuma. Hazikuwa nene kama za yai, wala hazikuwa nzuri kama hizo. Zilikuwa chache na dhaifu. Salwa alichovya njiti akaizungusha, nazo zikajishika kwenye njiti, utelezi mweupe, akaziinua juu. Tyubu ya pili ilibaki tupu, maji matupu mpaka chini.

Darasa halikupiga makofi. Walisogea tu wote, vichwa vikagusana, na hata nzi walisahauliwa. Lea alikuwa akilia na kucheka. Swalihu alibaki kwenye stuli yake, na furaha na aibu zikamjia pamoja kiasi kwamba hakujua afute jasho au machozi.

Silvano aliiidhinisha maabara kwa mwaka mmoja, na chini akaandika kwamba mtunza maabara asiandae jaribio lolote peke yake. Alimsomea Swalihu sentensi hiyo kwa sauti, akamwuliza kama ameielewa. Swalihu akasema ameielewa, na kwamba ni haki. Mkaguzi akampa mkono, akaaga, akaondoka na faili lake kwapani. Kidato cha nne wangefanya mtihani wao.

Mchana, wenzake walipokuwa wakishangilia uwanjani, Salwa alikuwa bombani nyuma ya ghala akiosha zile tyubu zote. Swalihu alimwendea. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainuka, akakaa tena.

"Baba," Salwa alisema. Pale shuleni hakuwahi kumwita hivyo. "Lile jaribio la viazi, muhula uliopita. Langu lilitoka vizuri kuliko ya wote."

"Nakumbuka."

"Ulilisaidia?"

Swalihu alitazama maji yanavyopita kati ya vidole vya mwanawe. Ingekuwa rahisi kusema hapana, na lingekuwa neno la upendo, na kazi ndogo kuliko yai.

"Nililisaidia."

"Na la mate na ugali?"

"Nalo."

Salwa alifunga bomba. "Lipi ambalo hukulisaidia?"

Alifikiri. Alirudi nyuma muhula kwa muhula, mpaka kidato cha kwanza, akitafuta japo moja la kumpa. Alitafuta kwa bidii ya mtu anayepapasa mifukoni akijua kabisa haina kitu.

"Hakuna," akasema. "Lakini pengine yangetoka yenyewe, mwanangu. Mkono unao. Sikuwahi kusubiri nione."

Salwa hakulia, wala hakumkemea, kwa kuwa baba hakemewi. Alikausha mikono kwenye sketi yake, akaunyoosha mmoja mbele yake.

"Naomba ufunguo wa maabara."

"Wa nini?"

"Nataka kuyarudia. Nianze na viazi. Madam Lea amesema atakaa na mimi mpaka saa kumi."

Swalihu aliutoa ufunguo shingoni, ulipokuwa ukining'inia kwa kamba tangu shule ifunguliwe, akampa. Salwa aliingia ndani, na mlango ukafungwa. Alisikia kiti kikivutwa, sauti ya Lea, maji yakimiminwa, halafu kimya kirefu. Alisogea mpaka mlangoni, akainua mkono kubisha, akaushusha. Akarudi kwenye ile ndoo, akaketi, akasubiri.